Ahadi Inapochelewa

Ndugu msomaji, tuseme unaye mdogo wako aliyeaga nyumbani Shinyanga akaenda Nyarugusu, mkoani Geita, kuchimba dhahabu. Aliahidi kurudi baada ya mavuno na mabati ya nyumba ya mama na mahari ya mchumba wake. Mavuno yamepita mara tatu. Duara limeingia maji, na mawe aliyopeleka kwenye karasha hayakurudisha hata gharama za chakula. Jumapili huketi nyuma kanisani akijiuliza: Je, Mungu amenisahau?

Swali hilo si dhambi. Zaburi zimejaa maswali ya namna hiyo, na walioyauliza walikuwa watu wa sala. Hatari imo katika mahali aendapo kutafuta jibu.

Maana yuko atakayemnong'oneza kwamba dhahabu ya jirani ilivutwa na mganga. Tunafahamu njia hiyo iliishia wapi. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa katika Kanda ya Ziwa kwa sababu watu waliaminishwa kwamba viungo vyao huleta utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto wa miaka 14. Tamaa isiyojua kungoja ilimwaga damu isiyo na hatia.

Abrahamu alikuwa na miaka 75 alipoitwa na kuahidiwa uzao. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Katikati ya miaka hiyo 25, yeye na Sara walichoka, wakatafuta njia ya mkato kwa Hajiri, na ugomvi ukaingia nyumbani. Hata hivyo ahadi haikufutwa.

Shinyanga yenyewe ina somo. Mwaka 1986 mradi wa HASHI ulipoanza, sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imebaki vumbi. Wananchi walifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo lisilishwe mifugo kwa muda. Mahali pengi haikulazimu kupanda miti: visiki na mizizi vilikuwa hai chini ya ardhi, vikachipua vilipolindwa.

Lakini ngitili hulindwa, haiachwi tu. Vivyo hivyo kungoja kwa Mkristo si kukaa bure. Kijana wetu na aseme ukweli nyumbani, asiongeze deni juu ya deni, na akiona duara halina dalili, aliache bila aibu. Kumwamini Mungu si kuliamini shimo. Mpango wa mtu waweza kufa, na imani yake ikabaki hai kama kisiki kile.

Nasi tulio nyumbani tuna sehemu yetu. Wengi huogopa kurudi kwa sababu ya swali letu la kwanza mlangoni: "Umeleta nini?" Siku mdogo wako atakapobisha hodi mikono mitupu, ndugu msomaji, mkaribishe ndani, umwulize kwanza kama amekula.