Fedha za Elimu ni Amana: Je, Zinafika Darasani?

Kila ufikapo mwezi wa Juni, mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki husimama bungeni na kutaja mabilioni yaliyotengwa kwa ajili ya elimu. Tunaambiwa kwamba kwa fedha hizo uchumi utakua. Kauli hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Tuanze na nusu iliyo sahihi. Katika miaka ya 1970, serikali ya Indonesia ilitumia mapato ya mafuta kujenga shule za msingi zaidi ya 61,000. Mtaalamu wa uchumi Esther Duflo, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2001, alibainisha kwamba watoto wa maeneo yaliyojengewa shule nyingi walisoma miaka mingi zaidi na, walipokuwa watu wazima, walipata ujira mkubwa zaidi. Fedha ziligeuka elimu, na elimu ikageuka riziki.

Ama nusu ya pili, tuitazame Uganda. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku, isiyokuwa ya mishahara, iliyotolewa kwa shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995. Walikuta kwamba, kwa wastani, shule zilipata asilimia 13 tu. Sehemu kubwa iliyosalia iliishia mikononi mwa maofisa na wanasiasa wa wilaya. Serikali ilipoanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa, na kuzitaka shule zibandike taarifa hizo hadharani, mambo yalibadilika: kufikia mwaka 2001 zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80.

Basi asistaajabu mtu kuona bajeti zinanenepa ilhali uchumi haupigi hatua. Uchumi haukuzwi na tarakimu, hukuzwa na mtoto aliyejua kusoma, kuhesabu na kufikiri. Fedha hizo ni kodi ya mkulima, mvuvi na mama muuza vitumbua. Kuzila ni khiyana kwa mtoto wa maskini, kwani mtoto wa tajiri anayo shule nyingine.

Wako wasemao tudai kwanza nyongeza. Nyongeza inahitajika, wala sipingi. Lakini mtungi uliotoboka huzibwa kwanza, ndipo ukajazwa. Kwa hiyo, wazazi wenzangu, katika kikao kijacho cha shule tusiende kusikiliza habari za michango pekee. Tuulize: ruzuku imefika kiasi gani, imetumika vipi, na hesabu yake imebandikwa wapi? Swali hilo halihitaji shahada, linahitaji mzazi aliyehudhuria.