Shauri la Mkulima: Ua Linalokula Mahindi

Msafiri apitaye katika mashamba ya Busia, Siaya na Homa Bay huona maua ya rangi ya zambarau yamechanua katikati ya mahindi, akadhani ni pambo la nchi. Lakini mwenye shamba hayasifu, maana ajua kwamba yanapozidi maua hayo, ghala litakuwa tupu. Wajaluo huliita gugu hili kayongo, na katika Tanzania huitwa kiduha.

Yapasa kwanza kila mkulima alitambue. Shina lake lina pembe nne, nalo hukwaruza mkono. Majani yake ni membamba, tena huota mawili mawili yakielekeana. Ua lake ni kama bomba dogo lililopindika. Huko Pwani yuko ndugu yake aliye mfupi, mwenye maua mekundu. Lakini dalili hutangulia maua: mahindi hunyauka kana kwamba yana kiu, hata kama mvua imenyesha jana. Watu wengine husema shamba limerogwa. Huo si uchawi. Mtu akichimba taratibu ataona mzizi wa kiduha umeushika mzizi wa muhindi, unanyonya maji na chakula chake.

Basi, kiduha huotaje? Mtu akizipanda mbegu zake peke yake mkebeni na kuzinyunyizia maji kila siku, hataona kitu. Sharti zikae kwanza katika udongo wenye joto na unyevu kwa muda wa wiki moja au mbili, kisha apande muhindi au mtama papo hapo. Mizizi ya mimea hiyo hutoa dawa udongoni, na mbegu ikipata dawa hiyo ndipo huamka. Isipoipata hulala, nayo yaweza kulala miaka 10 na zaidi. Mche mmoja huzaa mbegu kwa makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwa nini mahindi yamwite adui yake? Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba mwito huo haukukusudiwa kiduha. Mmea huwaita kuvu wema wa udongoni, ambao huusaidia kupata chakula, hasa fosfati. Mmea wenye njaa huita kwa nguvu zaidi, na mwizi naye husikia. Ndiyo sababu gugu hili hustawi katika mashamba yaliyochoka, yanayopandwa mahindi mwaka baada ya mwaka bila samadi.

Wakulima wengi hungoja kiduha kitokeze ndipo wakishike jembe. Wakati huo hasara ya mwaka imekwisha kupatikana, kwa kuwa kiduha hukaa wiki kadhaa chini ya ardhi kikinyonya kabla hakijaonekana. Hata hivyo sharti king'olewe kabla hakijazaa mbegu, kisha kichomwe, wala kisitupwe njiani. Kazi hiyo haiokoi mavuno ya mwaka huu, bali huyalinda ya miaka ijayo.

Tena iko mimea inayokidanganya kiduha. Mizizi ya pamba, kwa mfano, huziamsha mbegu zake, lakini zikiisha kuamka hazipati pa kunyonya, zikafa. Bora zaidi kwa mwenye shamba dogo asiyeweza kuacha mahindi ni desmodiumu, majani yanayotambaa, ambayo hupandwa katikati ya mistari ya mahindi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE huko Mbita waliyajaribu ili kuwafukuza viwavi wanaotoboa mabua, wakaona kwamba na kiduha pia kimepungua. Mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha, kisha huzizuia zisiushike muhindi. Juu ya hayo, ng'ombe huyala, na udongo hupata nguvu.

Mwaka wa kwanza kazi ni nyingi, kwa sababu desmodiumu huota polepole, na palizi isiyo ya uangalifu huing'oa pamoja na magugu. Wala shamba lililokusanya mbegu za kiduha kwa miaka mingi halisafiki kwa msimu mmoja. Kwa hiyo mkulima mwenye busara na aanze na kipande kidogo, kile kilichoharibika kuliko vyote, akitie samadi na kukipanda mvua ndefu zinapoanza. Yatakayotokea hapo yatamwonyesha la kufanya katika shamba lililobaki.