Meza ya gemu yenye skrini: usimlipe fundi pesa yote siku ya kwanza

Tuanze na msimamo wetu moja kwa moja: kitu kinachotengenezwa kwa oda kilipiwe kwa hatua. Sio pesa yote siku ya kwanza, na pia sio "maliza kwanza, nitakulipa". Mfano tunaoupenda ni meza ya gemu yenye skrini ndani.

Kama hujawahi kuiona, ni meza ya mbao yenye shimo katikati. Ndani ya shimo hilo runinga inalazwa chali, uso ukitazama juu, kisha inafunikwa kwa kioo au perspex. Meza hizi zinapendwa sana na wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimuliana uliotoka Marekani mwaka 1974. Ramani ya mchezo inaonekana kwenye skrini na vipande vinasogezwa juu yake. Lakini skrini hiyo hiyo inaweza kuonyesha ubao wa ludo, drafti au chess. Ukiweka kifuniko cha mbao juu, familia inakula chapati na ndengu hapo hapo kama kawaida.

Tamu, sivyo? Shida ni kwamba sio meza utakayoikuta kando ya Ngong Road ikikusubiri. Lazima uagize, na ukiagiza, unaanza kutuma pesa kabla hujaona kitu.

Kwa nini meza hii inaweza kukula

Meza ya kawaida ikikosewa kidogo, bado ni meza. Hii ikikosewa, skrini haiingii, au inaingia na kuchemka.

Chukua vipimo peke yake. Inchi za runinga hupimwa kutoka kona hadi kona, sio upana. Skrini ya inchi 43 ina upana wa karibu sentimita 95 na kimo cha karibu sentimita 53, kisha fremu inaongeza kidogo. Fundi aliyesikia "43" tu, akakata shimo lenye upana wa inchi 43, amekata karibu sentimita 109. Hapo ubao umeharibika, na duka la mbao halirudishi pesa ya ubao uliokatwa.

Halafu kuna joto. Runinga ya kawaida imeundwa kusimama, hewa ipite mgongoni. Ukiifungia kwenye sanduku la mbao lisilo na matundu, joto halina pa kwenda. Kwa hivyo lazima kuwe na nafasi chini ya skrini, matundu ya hewa pembeni na chini, na ikiwezekana feni ndogo. Waya za stima nazo zinahitaji njia yake, na fundi wa mbao sio lazima awe fundi wa stima.

Sasa jiulize: kama ulishatuma pesa yote, haya makosa yatarekebishwa kwa pesa ya nani?

Skrini nunua mwenyewe

Maoni yetu ni kwamba pesa ya skrini isipitie kwa fundi wa mbao hata kidogo. Nenda dukani mwenyewe, iwe Luthuli Avenue au supamaketi ya mtaani kwenu, iwashwe mbele yako, na ulipe kwa Till au Paybill ya duka. Risiti na warantii ziwe mikononi mwako. Ukiwa pale, itazame ukiwa umesimama pembeni pia, kwa sababu mezani watu huketi pande zote nne. Na kumbuka runinga ya kawaida inaonyesha tu, haiguswi kama simu.

Usikubali mtu aivue ganda la nyuma ili ikae vizuri. Ukifungua, kuna uwezekano mkubwa warantii imekwisha. Shimo ndilo lifuate runinga.

Gawa malipo mara tatu

Tuseme kazi ya mbao mmekubaliana shilingi 40,000. Sisi tungegawa hivi:

Shilingi 16,000 za kwanza ni za vifaa: mbao, gundi, skrubu, kioo. Hii dipoziti inanunua kitu unachoweza kwenda kukiona. Ukifika karakana baada ya siku mbili, mbao ziwepo.

Shilingi 14,000 za pili zitumwe fremu ikiwa imesimama na runinga yenyewe imejaribiwa kwenye shimo. Usikubali picha tu. Peleka runinga, iingizwe, itolewe, mhakikishe njia ya waya na matundu ya hewa.

Shilingi 10,000 za mwisho zilipwe hapo hapo karakana, baada ya skrini kuwaka saa mbili ikiwa ndani ya meza na kifuniko cha kioo kiko juu, kabla ya meza kupakiwa kwenye pikapu.

Wengine watasema hii ni kumshuku fundi. Hapana. Ukituma pesa yote mara moja, inaingia kwa matumizi mengine: kodi, karo, oda ya mteja aliyekutangulia. Sio lazima awe mwizi. Ni kwamba kazi yako imeshalipwa, na ya mwingine bado. Ndipo unaanza kuambiwa "kesho, boss", na baadaye simu inakwambia mteja hapatikani.

Fundi naye ana hofu yake

Tusijifanye wateja wote ni malaika. Kuna wanaoagiza kitu cha vipimo vyao kisha wanapotea, na meza yenye shimo katikati fundi atamuuzia nani? Kuna wanaoonyesha ujumbe feki wa malipo. Kuna wanaochukua mzigo, halafu wanaomba pesa irudishwe wakidai walikosea nambari.

Malipo ya hatua yanamlinda fundi pia. Hatumii akiba yake kununua mbao zako, na meza haitoki karakana kabla hajalipwa yote. Kwa fundi anayesoma hii: angalia salio lako mwenyewe, usiangalie simu ya mteja.

Kabla hujatuma

Lipa kwenye Till ya biashara kama ipo, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukiambiwa utume kwa nambari ya "ndugu yangu", uliza kwanza. Ujumbe wa kila malipo usiufute mpaka meza ifike nyumbani na ikae wiki kadhaa. Katiba yetu, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, lakini siku ya mzozo utaulizwa: mlikubaliana nini, na ulilipa lini?

Kwa hivyo mwandikie fundi ujumbe mmoja wenye mambo manne: vipimo vya runinga kwa sentimita, aina ya mbao, tarehe ya kumaliza, na hatua tatu za malipo. Akijibu "sawa", tuma ya kwanza. Akikataa kuandika lolote na bado anataka zote 40,000 leo, tafuta fundi mwingine. Mafundi wazuri wako wengi.