Siha ya Wanafunzi Nayo Itiwe Daftarini

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi walimu wa Huruma na mitaa jirani ya Eastlands tunajua mengi kuhusu kila mwanafunzi: mahudhurio yake, karo anayodaiwa, alama zake za Hisabati. Lakini tukiulizwa ni nani darasani apandaye ngazi hadi ghorofa ya nne akatweta kama mzee, hatuna la kujibu. Siha yake haimo katika daftari lolote.

Nakiri kosa langu kwanza. Kwa miaka mingi nilikinyakua kipindi cha elimu ya viungo nikafundishia Hisabati, kwa kuwa Hisabati ilitahiniwa na viungo havikutahiniwa. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini nachelea kwamba tabia hiyo haikuzikwa pamoja nayo.

Wapo wasemao kwamba mtoto wa Huruma hahitaji kupimwa, maadamu huenda shuleni kwa miguu, hubeba mtungi wa maji ngazini na hucheza kati kichochoroni. Huenda ni kweli, ila kukisia si kupima. Kati ya 2011 na 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walishiriki uchunguzi wa nchi 12, wakawavisha watoto wa Nairobi wa miaka 9 hadi 11 kifaa cha kunasa mienendo ya mwili. Ilibainika kwamba takriban mtoto mmoja tu kati ya wanane alitimiza dakika 60 za mazoezi kwa siku, kama lipendekezavyo Shirika la Afya Duniani. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa na uzani uliozidi kiasi.

Hesabu hiyo ni ya watoto wa jiji kwa jumla. Haimwelezi mwalimu hali ya mtoto aliyeketi mbele yake. Nchini Slovenia wanafunzi hupimwa kila mwaka tangu miaka ya 1980. Sisi twangoja nini? Mbio za kwenda na kurudi zahitaji mita 20 za ardhi, chaki, filimbi na saa. Tuwapime kila muhula wa kwanza, kisha mwaka ufuatao tulinganishe.

Hata hivyo, nawasihi walimu wenzangu: matokeo hayo yasibandikwe ukutani, wala asitajwe wa kwanza na wa mwisho. Mtoto ashindane na nafsi yake ya mwaka jana. Aliye mnene asichekwe, na anayetweta apelekwe zahanati.

Nanyi wanafunzi, kipindi chenu kikinyakuliwa, kidaini kwa adabu.

Na iwapo ua wa shule hautoshi hata hizo mita 20, hilo nalo tuliandike daftarini, wenye mamlaka wapate kulisoma.