Daraja Moja, Mikono Mingi



Sisi wa Keko twaijua kazi ya mikono. Piteni barabara ya Chang'ombe mtaona makabati, vitanda na viti vimepangwa ukingoni, na mafundi wamejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Mali hiyo huchukuliwa ikapelekwa Masaki na Mikocheni, na huko twauliza: nani atakayekumbuka jina la aliyepiga randa? Kwa sababu hiyo leo twaandika habari za daraja la Selander, ingawa haliko mtaani kwetu.

Daraja hilo lilijengwa mwaka 1929, mahali mto Msimbazi unapoingia baharini, ili kuunganisha mji na Oyster Bay. Lilipewa jina la Bwana John Einar Selander, mkuu wa kwanza wa idara ya ujenzi katika Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika. Mwaka 1980 lilipanuliwa. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la Tanzanite, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, linalopita juu ya bahari karibu nalo. Tangu hapo tumesikia watu wakisema kwamba la kale sasa ni la kale tu, halina habari.

Sisi twasema lina habari kubwa. Zamani za ukoloni mji wetu uligawanywa mafungu matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili Mwafrika wa Kariakoo akae mbali na wengine. Oyster Bay ilikuwa mahali pa Wazungu. Daraja kazi yake ni kuunganisha, lakini hili liliiunganisha ofisi ya Bwana na nyumba ya Bwana. Mwafrika alilivuka asubuhi kwenda kupika, kufua na kulinda, na kazi ilipokwisha akarudi kwake Uswahilini.

Wako ndugu wanaotuambia, "Basi jina hilo lifutwe, yaishe." Twaielewa hasira yao, lakini hatukubaliani nao. Kufuta jina ni kazi ya siku moja na ndoo moja ya rangi. Ukilifuta, mtoto wa kesho hatajua kwamba mji huu ulikatwa vipande, wala hatajua nani aliukata. Tena kosa si kwamba jina la mkubwa limeandikwa. Kosa ni kwamba la mdogo halikuandikwa. Sisi hatujapata kumsikia mtu akitaja jina la kibarua hata mmoja wa mwaka 1929. Mwenye kuyajua matope ya mikoko, na jinsi maji ya bahari yanavyopanda yakakutana na maji ya mto, atajua mwenyewe kazi ile ilikuwa ya namna gani. Mkubwa alitoa amri, na jasho likatoka kwa watu wetu.

Tazameni Unguja. Zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Maji yale yalifukiwa, daraja likaondoka, lakini mpaka leo mtu akienda sokoni husema anakwenda Darajani. Hakuna Bwana aliyetoa amri jina hilo likae. Limekaa kwa sababu watu wenyewe walilishika. Kumbe urithi waweza kudumu hata jiwe likiondoka, maadamu wako wenye kusimulia. Na jiwe laweza kusimama miaka mia likawa bubu, ikiwa wenye habari wamekufa nazo.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, halmashauri ya jiji iweke jiwe penye daraja lile, liandikwe mwaka 1929 na mwaka 1980, na liseme wazi kwamba lilijengwa kwa jasho la vibarua wa Tanganyika. Jina la Selander libaki, lakini lisikae peke yake.

Pili, jambo hili latuhusu sisi wenyewe wa matawi. Vibarua wale wamekwisha kufa, lakini wana na wajukuu wao wako Temeke, Ilala na Kinondoni. Kila tawi lichague vijana wawili wenye daftari waende kwa wazee wakaulize: baba yako alifanya kazi wapi? Alilipwa nini? Walikuwa naye nani? Tusingoje Serikali ituandikie majina ya babu zetu. Kazi hii haihitaji fedha, yahitaji miguu na adabu.

Sisi wa Keko tutaanza. Fundi asiyeandikwa leo kwenye kabati lake ni ndugu wa kibarua asiyeandikwa kwenye daraja. Tukimkumbuka yule, tutajifunza kumheshimu huyu.

Umoja ni nguvu!