Mafua Yanayorudi Kila Aprili

Mzazi mmoja ametuonyesha barua ya mwanawe aliye masomoni Ubelgiji. Miaka 2 ya kwanza kijana alikuwa mzima. Tangu mwaka wa 3, kila mwezi wa Aprili macho humwasha, pua hutiririka maji, naye hupiga chafya usiku kucha. Mwisho wa Mei hupona. Mtihani wakaribia, naye hawezi kusoma, ataka kurudi. Nyumbani jamaa wasema: «Amerogwa. Mbona zamani hakuugua?» Na tayari wamtazama shangazi yake kwa jicho baya.

Twawajibu: hakuna aliyemroga. Huko kwamea mti wenye gome jeupe, ambao Walatini waliuita betula. Majira ya kuchipua, maua yake humwaga chavua, yaani ungaunga mwepesi uchukuliwao mbali na upepo. Hauna sumu, lakini miili ya watu wengine huudhania kuwa adui, hupigana nao, na vita hivyo ndivyo viumizavyo. Jina lake ni mzio. Nao mwili hujifunza uadui huo polepole, msimu baada ya msimu. Ndiyo sababu mgeni aweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuugua. Tangu mwaka 1873 daktari Mwingereza Charles Blackley, aliyekuwa mgonjwa yeye mwenyewe, alieleza katika kitabu chake kwamba chavua yaweza kuleta mafua ya namna hii.

Tutaupambanuaje na mafua ya kawaida? Mafua huambukiza, pengine huleta homa, na huisha kwa siku chache. Mzio hauambukizi, hauleti homa, nao hurudi majira yale yale.

Basi, kijana afunge madirisha siku za upepo mkavu. Jioni aoshe nywele na kubadili nguo. Asianike mashuka nje. Amwone daktari mapema, kabla ya Aprili, ampe dawa ya mzio isiyoleta usingizi. Tena tufaha bichi likimwasha mdomoni, amwambie daktari, kwani mara nyingi hayo hufuatana. Lakini kifua kikibana na pumzi ikipiga mluzi, aende hospitali pasipo kukawia.

Enyi wazazi, msimwite nyumbani. Mwandikieni aende kwa daktari. Mkimshtaki shangazi kwa kosa la mti, ugonjwa utabaki pale pale, na undugu utakufa.