Barua ya wazi kwa Hazina ya Kitaifa ya Utafiti: Mpeni daktari mpya misimu mitatu ya mahindi

Kwa Bodi ya Hazina ya Kitaifa ya Utafiti (NRF), Nairobi.



Mahindi ya H614 yakipandwa Kitale mvua za Machi zinapoanza, huvunwa Oktoba au Novemba. Muhula wa chuo kikuu huisha kabla hayajakauka. Hapo katikati ndipo wanapokwama madaktari wapya, yaani wahitimu wa uzamivu, wa Trans Nzoia na Bungoma. Tasnifu zimepitishwa, joho limevaliwa, jamaa wamepiga vigelegele. Kisha kazi inayopatikana ni kufundisha kwa kibarua, muhula hadi muhula, malipo yakija yanapokuja. Kwa mkataba wa namna hiyo hakuna anayeweza kusimamia jaribio la shambani hadi mwisho.

Na hili ni eneo lililolisha nchi kwa utafiti. Mpango wa kuzalisha mbegu bora za mahindi ulianza Kitale mwaka 1955, chini ya Michael Harrison. Mbegu za Ecuador zililetwa kutoka Amerika ya Kusini, na mojawapo, Ecuador 573, ikachavushwa na Kitale Synthetic II. Mwaka 1964 ikatoka H611, chotara iliyoingia upesi katika mashamba ya wakulima wakubwa kwa wadogo. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ilikua kwa kuuza mbegu za aina hiyo. Kazi ile ilichukua miaka 9, na waliokuwa wakiifanya hawakuwa wakiomba upya kibali cha kuwa kazini kila baada ya miezi minne.

Profesa Thomas Odhiambo aliliona jambo hili mapema. Alipoanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe mwaka 1970, aliwapa nafasi vijana waliotoka kumaliza uzamivu, wakiongozwa na wataalamu waliokuja kutoka nje kwa vipindi. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwapa wakulima wa magharibi mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya mifugo pembezoni, kupambana na vipekecha-shina na kiduha. Trans Nzoia ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuijaribu.

Maadui wapya hawajangoja. Ugonjwa hatari unaokausha mahindi yangali mabichi, MLN, ulionekana Bomet mwaka 2011. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi wakavamia mahindi ya magharibi, Bungoma na Trans Nzoia zikiwemo. Ni nani atakayefuatilia viwavi hao msimu baada ya msimu, ikiwa aliyeandika tasnifu juu yao anakimbia kutoka darasa hadi darasa akitafuta nauli?

Njia ya nje ipo, na wengi huifuata. Wakfu wa Alexander von Humboldt, kwa mfano, una ufadhili wa Georg Forster kwa watafiti wa nchi zinazoendelea, lakini utafiti wenyewe hufanyiwa Ujerumani. Ni ufadhili mzuri. Hata hivyo, shamba la Kiminini, Trans Nzoia, haliwezi kusafirishwa.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013, iliyoiunda Hazina yenu, iliitengea asilimia 2 ya pato la taifa. Fedha zinazofika hazijawahi kukaribia kiwango hicho, na lawama hiyo si ya Bodi peke yake. Lakini hata katika kidogo kilichopo, uamuzi wa nani apewe ni wenu.

Barua hii inaomba nafasi chache za utafiti baada ya uzamivu, za miaka mitatu kila moja, zinazounganisha kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kitale na Chuo Kikuu cha Kibabii. Kitale kuna mashamba ya majaribio na wazalishaji mbegu wenye uzoefu; Kibabii, kwenye barabara ya Bungoma kwenda Chwele, kuna wanasayansi na wataalamu wa kompyuta. Mtafiti apate mshahara wa kila mwezi, fedha za vibarua wa shambani na mafuta ya pikipiki, na mlezi wa kitaaluma aliyetajwa kwa jina kwenye mkataba. Asihesabiwe umri wala miaka tangu ahitimu, maana wengi hapa husoma uzamivu huku wakilea familia na kulipa karo kidogo kidogo.

Tangazo likitolewa Agosti na mahojiano yakimalizika Novemba, mtafiti wa kwanza atakuwa Kitale Januari, na muda wa kupima udongo kabla ya kupanda utamtosha.